Tandiko la Baba Virginia

Silvesta Komba alikuwa mlinzi kwenye mnara mmoja wa West Bay, Qatar. Saa kumi na mbili kwa siku aliwafungulia mlango watu ambao hawakujua kama ana jina. Chumbani kwetu Sanaiya, eneo la viwanda, tulikopangana sita kwenye vitanda vya ghorofa, alilala chini upande wa dirisha, na hapo ndipo alipoifanya kazi aliyoipenda. Alikata vitambaa vidogo, akaviunganisha vikawa nyota na maua, akatia pamba katikati, akapitisha sindano juu na chini mpaka kitu kikanenepa kama mkate.

Alifundishwa na Abdulrahman, fundi cherehani Mpakistani wa mtaa wa Najma, aliyemwachia pia mabaki ya kanzu. Duka la samani la jirani lilimpa sampuli za mapazia zilizopitwa na wakati. Ijumaa sisi tulikwenda Corniche, kando ya bahari, kupiga picha tukiegemea magari ya watu. Silvesta alikwenda Najma kuokota vitambaa, akarudi peke yake na mfuko.

Zawadi zake ulipewa, utake usitake. Birika letu la umeme lilikuwa na koti. Rimoti ya AC ilikuwa na godoro lake, nami nikamwambia inalala vizuri kuliko sisi. Hakukasirika. Alicheka, ila dakika moja baada ya watu wote, kama simu yenye mtandao mbovu.

Aliondoka Songea mwaka 2005, binti yake Virginia akiwa darasa la nne. Likizo mbili alizorudi, mtoto alimwamkia kama anavyoamkiwa mwalimu mkuu, kisha akajiendea jikoni. Sasa ulikuwa mwaka 2014 na Virginia anaolewa. Likizo ya baba ilikuwa bado mwaka mzima, kwa hiyo kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, asingekuwepo. Kwao zawadi ya baba huingizwa ukumbini kwa ngoma, watu wakicheza nayo, mshereheshaji akiitaja kwa sauti. Silvesta akaamua kwamba kitakachoingia kwa niaba yake kiwe kimetoka mkononi mwake: tandiko la kitanda cha watu wawili, nyota za bluu juu ya vitambaa vyeupe vya kanzu. Lilimchukua miezi saba.

Alipomtumia mkewe picha kwa simu yangu, mkewe alimpigia jioni ileile. Silvesta alikuwa hasikii vizuri sikio moja, hivyo aliweka spika, na chumba kizima tukawa wanandoa.

"Baba Virginia, hivi ni viraka," mkewe alisema. "Watu watasema miaka yote hiyo Uarabuni, unamtumia mwanao viraka."

Silvesta akamweleza kwamba siyo viraka, ni urembo, na kwamba pale anapolinda kuna kitambaa kama hicho kimetundikwa ukutani ndani ya kioo, Wazungu wanasimama kukitazama.

"Huyo Mzungu haji kwenye sendofu."

Silvesta akasema basi Virginia mwenyewe alione, yeye ndiye ataamua. Mkewe akajibu sawa, ile sawa ya salio linalokaribia kuisha.

Philipo, mlinzi mwenzetu wa Mbinga, alikuwa anakwenda likizo, akakubali kulibeba. Begi likakataa kufungwa. Wesley, Mkenya wa kitanda cha juu, alisema, "Mzee, hii kitu kwa mizani haina uzito, lakini inataka kiti chake kwa ndege." Tulilikalia watatu mpaka zipu ikasalimu amri. Silvesta alisimama pembeni akituomba tusikalie upande wenye nyota.

Sendofu ilikuwa Jumamosi. Video ilitufikia Ijumaa iliyofuata, asubuhi, kwenye simu yangu, maana ya Silvesta ilikuwa ya tochi. Tukakusanyika kitandani kwake. Ngoma ikapigwa, mashangazi wakaingia wakicheza, na mshereheshaji akatangaza zawadi ya baba mzazi kutoka Qatar. Kichwani wamebeba blanketi la dukani, la manyoya mekundu, ndani ya nailoni yake yenye zipu. Virginia akapiga magoti kulipokea. Akalikumbatia, akatazama kamera, machozi yanamtoka, akasema, "Asante, baba."

Hakuna aliyemwangalia Silvesta. Yeye ndiye aliyesogeza kidole kwenye kioo. "Rudisha kidogo," akaniambia. "Hapo nyuma."

Nikarudisha. Nyuma ya mashangazi, kwenye pembe ya wapishi, masufuria mawili makubwa ya pilau yalikuwa yamefunikwa yasipoe. Nyota za bluu zilionekana wazi, moja imeshaingia mafuta.

 

Silvesta aliazima simu yangu, akampigia mkewe. Mara hii hakuweka spika, lakini mama yule huongea kwa nguvu, tulimsikia. Silvesta akamwambia ameiona video, blanketi ni zuri sana, wamechagua vizuri.

"Baba Virginia, ningefanyaje? Wakwe walikaa mbele kabisa."

"Hapana, limependeza," akasema. "Rangi yenyewe imependeza."

Mkewe akaanza kueleza jambo lingine, kuhusu Virginia. Silvesta akamkatiza kwa upole, akamwambia ngoja, gari la kazini limeshafika, linapiga honi. Akakata simu, akanirudishia. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na nje hapakuwa na gari lolote. Akavaa viatu, akafunga kamba, akatoka.