Kigoda cha Kunyoosha Miguu

Fundi Mkasi alipewa jina hilo utotoni, na halikuhusu kukata kitu. Lilitokana na magoti yake. Akikimbia, goti la kulia lililisugua la kushoto, shwa, shwa, kama mkasi unaokata hewa, na vidole vya miguu vilitazamana kama wachumba. Watoto wa mtaani hawana huruma. Jina likanata, na hata miguu ilipokuja kunyooka, lenyewe halikutaka kunyooka nayo.

Mama yake alijua chanzo, au alidhani anajua. Mwanawe alikuwa na mtindo wake wa kukaa sakafuni: magoti mbele, makalio chini, nyayo zimetoka nje huku na huku, mfano wa chura aliyechoka. Mama akimwona hivyo hutupa chochote alichoshika.

"Nyoosha hiyo miguu! Utakuja kutembea kama kaa!" Kisha huongeza, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mtoto aliichukua methali ile neno kwa neno, akawa analala ameyashika magoti yake kwa mikono miwili yasije yakavunjika usiku.

Mama alipoona maneno hayafui dafu, alitwaa mbao za sanduku kuukuu akagongagonga kigoda. Tangu siku hiyo mtoto akala juu ya kigoda, akasoma juu ya kigoda, akasikiliza redio juu ya kigoda. Ndugu zake walitandaza mkeka wakajimwaga; yeye peke yake alikaa juu kama mwenyekiti wa kikao, asijue ajenda ni nini. Ikapita miaka. Alipokaribia kubalehe, magoti yaliacha kusuguana. Mama akatembea nyumba kwa nyumba kutangaza ushindi. "Samaki mkunje angali mbichi," aliwaambia majirani. "Mimi wangu nimemkunjua."

Kijana mwenyewe alikistaajabia kile kigoda. Siku moja alikifungua chote, msumari kwa msumari, aone siri yake imejificha wapi. Siri hakuiona, na kukirudisha akashindwa. Mama alimcharaza, kisha akampeleka kwa seremala wa jirani akajifunze kurudisha alichobomoa. Akajifunza hicho na mengine, na hakutoka tena kwenye maranda na harufu ya gundi.

Ukubwani alikuwa na karakana yake. Alitengeneza vitanda, milango na makabati, lakini sifa zake zilibebwa na vigoda vya watoto. Akija mzazi na mtoto mwenye magoti ya kugombana, Fundi Mkasi huweka randa chini, hupangusa vumbi la mbao, hubana nyayo pamoja na kusimama wima kama mlingoti.

"Unaniona? Basi mimi nilikuwa mkasi mtupu. Kigoda ndicho kilichoninyoosha."

Kisha hutembea hadi mlangoni na kurudi, taratibu, mteja apate kuona pande zote. Hakumbukwi mtu hata mmoja aliyetoka pale mikono mitupu.

Baada ya wana wawili waliotembea wima bila kumsumbua mtu, mkewe alimzalia binti, wakamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Mtoto mcheshi, mwenye mashavu ya kufinywa. Alipozoea kutembea, vidole vyake vikaanza kutazamana. Na jioni moja fundi alirudi nyumbani akamkuta katikati ya sebule, magoti mbele, nyayo nje huku na huku, akipanga vifuniko vya chupa. Chura yuleyule.

Fundi hakulala vizuri. Alfajiri alikuwa karakanani akikata kigoda. Alikipiga msasa hadi kikawa laini kama shavu la mwenye kukikalia. Kitinda alikipokea kwa furaha, akamkalisha mwanasesere wake juu yake, naye akakaa sakafuni mbele yake, mkao uleule, wakaendelea na mazungumzo.

Akatengeneza cha pili, chenye mikono na mgongo. Kitinda alikipanda, akajizungusha, akakunja miguu na kukaa kichura palepale juu. Cha tatu kilikuwa na mkanda mpana wa kufunga mapajani. Mkewe alikitazama, akamtazama mumewe.

"Baba Kitinda, hiki ni kiti au ni kifungo?"

"Ni kwa faida yake."

"Hata mahabusu huambiwa hivyo." Akakitia darini.

Bibi wa mtoto, mama yake fundi, alipopata habari alikuja mbio, pumzi juu juu. "Makosa ni yenu! Kichanga chenu hamkukifunga miguu. Wewe nilikufunga kwa kitambaa, ukanyooka kama rula." Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba rula hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Mkasi.

Balaa zaidi lilikuwa karakanani. Kitinda alipenda kumfuata baba yake kazini, na siku moja, wakati fundi ameshabana nyayo zake mbele ya mteja na hotuba imefika patamu, mtoto alikuja mbio, mguu ukaudaka mwenzake, akaanguka pu! juu ya lundo la vigoda. Mteja alimtazama mtoto, akatazama vigoda, akamtazama fundi.

"Huyu naye ni wako?"

"Ni wangu," fundi alijibu, jasho likimtoka. "Ila huyu... dozi ndiyo kwanza tumeianza."

Mkewe aliyasikia hayo kutoka mlangoni, naye alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Kesho tunampeleka kwa mtaalamu wa viungo. Ukitaka kuja, njoo. Ukiona haya, vaa kofia."

Alivaa kofia. Lakini alipoingia chumba cha kusubiria, haya ilimpata pasipo na kofia ya kuifunika: ukutani palipangwa vigoda vyake mwenyewe, vimepakwa rangi nyekundu na njano.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuketi chini sakafuni na Kitinda. Alimwacha akimbie, aruke kwa mguu mmoja, achuchumae. Akamlaza kifudifudi, akamkunja magoti, akayumbisha miguu nje na ndani, akilinganisha upande huu na upande ule. Akauliza: analalamika maumivu? Anachechemea? Anazidi kuanguka kuliko zamani? Mama Kitinda alijibu hapana kwa yote. Fundi alingoja hukumu.

"Mtoto hana ugonjwa," mtaalamu alisema. "Mfupa wa paja kwa watoto wengi huwa umejisokota kidogo kuelekea ndani. Wake umejisokota zaidi ya wenzake. Ndiyo maana akikaa hivi anasikia raha. Huu mkao haukuupinda mguu, baba. Mguu ndio uliouchagua mkao."

"Na dawa yake?"

"Kukua. Wengi hunyooka wenyewe kabla ya kubalehe. Mwacheni acheze, apande, akimbie, abadilishe mikao. Akianza kuumwa, au mguu mmoja ukawa tofauti na mwenzake, mrudisheni haraka."

Fundi alikohoa. "Na kigoda?"

"Kigoda kina nini?"

"Kigoda... kinasaidia nini?"

"Kukalia," mtaalamu alisema.

Fundi alivua kofia. "Mama daktari, mimi nilikuwa hivihivi. Nikanyooshwa na kigoda."

"Ulinyooka ukiwa na umri gani?"

Fundi alifungua mdomo, akahesabu kimoyomoyo, akaufunga. Mtaalamu alitabasamu kwa adabu. "Ungenyooka hata kama ungekaa juu ya kabati."

Mkewe aligeukia dirishani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokizuia. Kisha akauliza habari za kufunga miguu ya kichanga. Hapo mtaalamu hakutabasamu.

"Hilo ndilo baya. Nyonga ya kichanga inataka miguu ikunjwe na kupanuka, kama ya chura. Ukimfunga akanyooka kama kijiti, nyonga inaweza kuhama mahali pake."

Akamwomba baba naye aketi chini, amwonyeshe michezo ya kufanya na binti. Fundi alijishusha. Nyonga zilimlia kama bawaba isiyoonja mafuta, akaishia kuning'inia katikati, si juu si chini. Miaka yote ya kukaa juu ya vigoda ilikuwa imemkausha. "Mazoezi haya," mtaalamu alisema akimshika mkono, "nadhani yatakufaa wewe zaidi."

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta akimenya viazi.

"Mama, wamesema miguu yangu ilinyooka yenyewe."

"Yenyewe!" Kisu hakikusimama. "Na ulikula mwenyewe? Ukajinyonyesha mwenyewe?"

"Kigoda hakikufanya kitu, mama."

Mama aliweka kiazi chini. "Haya, hakikufanya kitu. Sasa niambie, mwanangu. Kazi uliipata wapi? Mke ulimwoa kwa lipi? Watoto wako wanakula nini?"

Fundi akachukua kisu kingine, wakamenya pamoja.

Hata hivyo aliapa kusema kweli. Mteja wa kwanza aliyekuja baada ya hapo, mama mwenye mtoto mgongoni, alielezwa yote: mfupa, msokoto, miaka. "Kigoda hiki, mama, ni cha kukalia tu. Miguu hakinyooshi."

Yule mama alimkazia macho. "Fundi, usinifanye mtoto. Vile vinavyonyoosha unawafichia akina nani?"

"Hakuna vinavyonyoosha."

"Dada yangu ulimuuzia. Mimi nina kosa gani?" Alizunguka karakana nzima akichungulia nyuma ya mbao, akachagua kigoda kilichokuwa mbali kabisa kwenye kona, akiwa na hakika kwamba ndicho kilichofichwa. Kabla ya kutoka akaagiza kingine kikubwa, cha mama mkwe wake mwenye magoti mabovu. Fundi aliinua mikono, akaishusha, akaokota msumeno.

Miaka ilipita, Kitinda akanyooka. Hakuna aliyeiona siku yenyewe. Watu walishtukia tu kwamba anakimbia na haanguki. Bibi yake alisema ni mafuta aliyokuwa akimkanda. Kaka zake wakasema ni mpira waliomfundisha. Fundi alisikiliza kila mmoja akitwaa sifa, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kudai.

Wakati huo alikuwa na shughuli yake. Kila jioni meza ilisukumwa ukutani, na Kitinda akasimama mbele ya baba yake kama mnyapara, mikono kiunoni.

"Shuka, baba. Usishike kabati."

"Nashuka, mama."

"Fungua magoti. Zaidi."

Fundi Mkasi alifumba macho, akaguna, akashuka hadi makalio yakagusa sakafu, akakaa hapo akihema, huku mkewe akimpigia makofi kutoka jikoni.