Zawadi Mbili

Kwa miaka mingi hapa Arua nilitumia kompyuta zenye mfumo wa Linux tu, nikiwacheka watu wa mfumo wa Windows. Juzi kompyuta yangu ilikufa, nikanunua nyingine yenye Windows. Nilisema sihitaji kufundishwa.

Ndugu yangu Moses alikuwa akimwoa Zawadi kule Koboko, nami nikapewa kazi ya kuonyesha picha ukumbini. Picha ya bibi harusi niliiita "Zawadi", kwa herufi kubwa. Ya mbuzi wa zawadi tuliyempeleka ukweni niliiita "zawadi", kwa herufi ndogo. Kwa Linux hayo ni majina mawili. Kwa Windows ni moja. Nilipozihamishia kwenye folda moja, kompyuta iliuliza kama ifute ya kwanza na kuweka ya pili. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma.

Siku ya harusi mshereheshaji akatangaza, "Sasa tazameni uzuri wa bibi harusi wetu."

Mbuzi akajaa ukutani.

Baba yake Zawadi, mwanajeshi mstaafu, akanigeukia. "Bwana kompyuta, hii ndio mtoto yangu?"

Nilisimama nikakiri kosa langu mbele ya wote. Zawadi alicheka mpaka akashika meza, kisha akaja kusimama kando ya yule mbuzi wa ukutani.

"Piga picha, shemeji," akaniambia. "Hii sasa utaita jina gani?"