Korongo wa Darubini

Watu walimwita Darubini, naye wala hakununa, maana darubini yenyewe ilikuwa haimtoki shingoni. Alikula nayo, alilala nayo, na siku ya harusi yake aliivaa juu ya suti, mpaka mama mkwe akauliza kama bwana harusi amekuja kuoa au kupeleleza.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege wa hifadhi ya ziwa. Kila asubuhi alipanda ngazi kumi na tisa za mnara wa mbao, akafuta vioo vya darubini kwa pindo la shati, akajaza fomu. Bata walikuja na kuondoka, membe ndio usiseme, hawana adabu wala ratiba. Lakini ng'ambo ya pili, katikati ya matete, alikuwapo mmoja asiyemwangusha hata siku moja: korongo wa kijivu, shingo imepinda, katulia tuli. Mvua ije, jua liwake, yeye yupo. Darubini alimsalimu kila asubuhi, akaandika kwa mwandiko mzuri kupita wa majina mengine: "Korongo, mmoja, yupo." Akaomba boti zipigwe marufuku upande ule, ndege wa watu asibughudhiwe. Zikapigwa marufuku miaka kumi na moja.

Sasa akaja mhifadhi mkuu mpya, mama mmoja mwenye haraka zake.

"Mnara umeoza na upande huu hauna ndege wa maana," akasema. "Nauvunja. Wewe utahamia getini kukata tiketi."

Getini! Darubini akaikumbatia darubini yake. Getini huoni ziwa, unaona matako ya magari tu.

"Bosi, nina korongo," akasema.

"Basi Ijumaa twende kwa boti nikamwone. Akiwapo, mnara unabaki."

Darubini akafurahi nusura apae. Akamwalika na mama mkwe, makusudi kabisa. Bibi huyo, tangu aambiwe mwavuli wake umeibwa mikononi mwa mkwewe katika mwaka wa kwanza wa ndoa, alikuwa hamwamini hata akimwambia leo ni Jumanne. Leo, alijisemea Darubini, atanipa heshima yangu.

Ijumaa ikafika. Wakapanda boti, bosi mbele, mama mkwe katikati, Darubini nyuma akiendesha.

"Jua hili," mama mkwe akalalamika. "Ningekuwa na mwavuli wangu."

"Pole mama. Tazama, yule pale!"

Kweli, korongo alikuwapo. Darubini akazima injini, akashika kasia, wakasogea taratibu. Korongo hakuruka. Wakasogea tena. Wapi! Katulia.

"Ana msimamo," Darubini akanong'ona, jasho limeanza kumtoka.

Mama mkwe akakunja uso, akainama mbele. "Baba," akasema polepole, "huyu ndege wako ana mpini."

Loo! Mpini kweli, umepinda kama bakora, umeelekea juu. Chini yake kitambaa kilichokuwa cheusi kimepauka kwa jua, kimefunguka nusu, kimenasa kwenye kisiki. Na kwenye mpini, uzi mwekundu alioufunga mama mkwe kwa mikono yake.

Darubini alitamani ziwa limmeze. "Mama, haukuibwa," akasema, macho miguuni. "Upepo ulinipokonya kule mnarani. Niliogopa kusema, nikadanganya. Nisamehe."

"Na ukausalimia miaka kumi na moja," mama mkwe akasema, "mimi hapa ukinikimbia!"

Bosi alikuwa ameinama kuchungulia ndani ya mwavuli, na hapo hapo bata akachomoka kwa hasira, akampokonya kofia. Ndani mlikuwa na kiota na mayai manne.

"Ah!" akapiga kelele bosi, kisha akaangua kicheko mpaka boti ikayumba. "Haya, huyu ni ndege, tena mkali! Mnara unabaki."

Mama mkwe hakuwa na habari na mnara. Alishanyoosha mkono kuchukua mali yake. Na Darubini, kwa mazoea ya kuwaambia wageni, akajikuta amesema: "Mama, hairuhusiwi kutoa kitu chochote hifadhini, hata jani."

Bibi akamkazia macho muda mrefu, kisha akarudisha mkono.

"Angalau leo umesema kweli," akasema.

Tangu hapo, kila Jumamosi bibi hupanda ngazi zote kumi na tisa akihema, humvua mkwewe darubini shingoni bila kuomba, na kuukagua mwavuli wake. Kwenye fomu, chini ya bata na membe, kuna mstari ulioongezwa kwa ule ule mwandiko mzuri: "Mwavuli, mmoja, upo." Mama mkwe ndiye anayetia sahihi.