Kiti cha Abiria

Wifi yangu hasahau. Kuna watu wanaojidai hawasahau, lakini ukiwapa kikombe cha chai na neno tamu, yanaisha. Yeye chai atakunywa, kikombe atakiosha, na kinyongo atakirudisha pale pale alipokitoa. Mimi niliyeolewa na kaka yake nampendea hilo hilo.

Kazi yake ni kushona viti vya magari na pikipiki. Kibandani kwake kuna cherehani nzito, marobota ya ngozi bandia na harufu ya gundi inayokufuata mpaka nyumbani. Baba yake alikuwa na pikipiki ya zamani yenye tangi jekundu, na binti huyu tangu utotoni alikaa nyuma, mikono kiunoni mwa baba. Mzee alipolala kitandani asiinuke tena, alisema mbele yetu sote kwamba pikipiki ni ya binti. Kaburi halijakauka, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, akaja kuichukua. Wifi akamkumbusha maneno ya marehemu. Yule bwana alicheka huku akiipiga teke iwake.

"Wewe ulikuwa unapakiwa tu," alimwambia. "Wewe ni abiria."

Mume wangu alitazama chini. Hilo nalo sijalisamehe, lakini leo si zamu yake.

Baba mdogo akajiunga na watu wanaoshindana kwa pikipiki za zamani kwenye kiwanja cha ndege kilichofungwa, na kila Jumapili akawa anashangiliwa juu ya tangi lile jekundu. Wifi alikwenda kutazama mara moja. Alirudi amenuna, akatangaza mezani kwamba na yeye ataingia, na kombe halitaki. Anachotaka ni yule bwana apande nyuma yake, watu wakiona. Mume wangu akapaliwa na chai.

Alianza bila kitu. Nyuma ya karakana ya mchomeleaji alikuta fremu ya pikipiki ya aina ile ile, kuku wanalala juu yake. Injini aliipata kwa fundi mmoja mnene tunayemwita Spana, ambaye alikubali kuifufua ili naye ashonewe makochi ya sebuleni. Spana ndiye aliyemweleza kwamba pikipiki hizi gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Za siku hizi ni kinyume.

"Kichwa kitakumbuka," alimwambia. "Mguu ndio utakaokuangusha."

Siku ya kwanza wifi alitaka kusimama, akakanyaga gia, akaingia kwenye kamba ya nguo za jirani na kutokea upande wa pili na shuka kichwani. Kuanzia hapo pikipiki yake ya kazini aliifungia stoo, akawa anakwenda kibandani kwa miguu. Hata wakati wa kula miguu yake ilikuwa mazoezini chini ya meza, kulia gia, kushoto breki. Mimi nilikuwa nakaa mbele yake, kwa hiyo breki nilikuwa mimi. Alama ninazo hadi leo kwenye muundi.

Na kuna jambo alilichunguza. Baba mdogo siku za kazi anaendesha pikipiki mpya, ya kujidai. Jumapili anakumbuka kubadilisha miguu kwa sababu anatangulia peke yake, hana wa kumsumbua.

"Sasa atasumbuliwa," wifi alisema, mkasi ukiendelea kukata ngozi.

Kiti alichokuwa akikishona kilikuwa kirefu, cha watu wawili. Wenzake wote walikuwa na vile vifupi vya mtu mmoja, kupunguza uzito. Siku ya mashindano mkaguzi alikizunguka, akamuuliza kama amekuja kushindana au anakwenda harusini, lakini hakukuta kanuni ya kukikataza. Baba mdogo naye akapita, akakibonyeza kwa kidole, akasema afadhali amekumbuka nafasi yake. Wifi akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Hapo nikajua huyu mzee kwisha habari yake.

Bendera iliposhuka injini ya wifi ilikohoa, karibu wote wakampita. Akawarudia mmoja mmoja mpaka akamfikia baba mdogo, na hapo akakataa kumpita. Alimganda nyuma. Kila kona alichomoza kulia, akarudi, akachomoza kushoto, akiungurumisha injini ili asikike. Baba mdogo akaanza kugeuza shingo. Mimi nilisimama kwenye kona yenye ukuta wa matairi, naomba dua ambayo siwezi kuiandika hapa.

Baba mdogo alikuja kwa kasi, akageuka kutazama tena, na aliporudisha macho mbele kona ilikuwa imeshafika. Nikauona mguu wake wa kulia ukikanyaga kwa nguvu zote, kama unavyokanyaga Jumatatu mpaka Jumamosi. Injini ikapiga kelele, lakini mwendo ulikuwa ule ule. Akaenda moja kwa moja kwenye matairi.

Wifi alikanyaga kushoto, akakata kona, akapita. Alimaliza wa nne na wala hakuangalia ubao. Aligeuza akarudi.

Alimkuta baba mdogo amekaa chini, kifundo kimeteguka, vumbi mpaka kwenye kope. Tangi jekundu lilikuwa limebonyea. Wifi alilipapasa hilo kwanza, machozi yakamtoka, kisha akapiga sehemu ya nyuma ya kiti chake kirefu kwa kiganja.

"Panda, baba mdogo."

Alisema atatembea. Akainuka, akakaa tena chini. Mwisho akapanda, na kwa kuwa hakuwa na pa kuweka mikono, akamshika wifi kiunoni. Spana alikuwa ameshaanza kuisukuma pikipiki ya marehemu, na hakuuliza aipeleke kwa nani.

Njia ya mkato ilikuwapo, nyuma ya mahema. Wifi aliiacha, akapita mbele ya watu wote kwa gia ya kwanza, nami natembea pembeni yao, roho imenisuuzika kabisa. Baba mdogo akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, ongeza mwendo basi. Watu wanatutazama."

"Abiria haruhusiwi kuongea na dereva," wifi alijibu, akaanza mzunguko wa pili.