Mtu wa Sauti Hasemi Alichosikia

Vernon Pruitt alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka minane watu wote aliofanya nao kazi walimjua kuwa mwanamume wa kupenda wanawake, si wanaume. Si yeye aliyewaambia. Mwaka 1996, siku yake ya kwanza kurekodi sauti katika filamu ya mwongozaji Noreen Babcock, Noreen alipanda juu ya kreti la maziwa akamtambulisha kwa wenzake.

"Huyu ni Vernon. Alikuwa na mke, jamani, mke kabisa wa ndoa. Ndiye peke yake humu asiye shoga, kwa hiyo msimtanie mpaka akakimbia."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Vernon alikuwa ameshavaa hedifoni zake na kamera ilikuwa inangoja. Akajiambia kwamba atalisahihisha jambo hilo wakati wa chakula cha mchana. Chakula kikaja, kikaliwa, na mazungumzo yakawa ya mambo mengine. Kesho yake lilikuwa limeshakuwa gumu kidogo, na wiki iliyofuata likawa gumu zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vernon hakuziba wala hakujenga, alikaa tu humo humo ndani ya nyumba yenye ufa.

Mke alikuwepo kweli. Aliitwa Marlene, wa kule Fresno, na waliishi pamoja miaka saba. Waliachana bila kurushiana sahani, kwa sababu Marlene alijua sababu kabla hata Vernon hajaitamka. Kila Krismasi alimtumia kadi, na chini ya kadi aliuliza swali lile lile: umempata mtu? Vernon alimjibu kuhusu hali ya hewa.

Filamu za Noreen zilipigwa kwa siku kumi na mbili, katika nyumba za marafiki mtaani Silver Lake, na waigizaji walikuja na viatu vyao wenyewe. Zilionyeshwa kwenye matamasha mawili matatu, kisha zikauzwa kwa diski katika maduka ya West Hollywood, rafu ya nyuma. Hadithi ilikuwa moja. Fulani anadhaniwa kuwa shoga naye siye, au anadhaniwa kuwa siye naye ndiye. Anaogopa kusema, anavunja vyombo, anajificha kabatini mbele ya mama mkwe. Dakika kumi za mwisho anasema ukweli mbele ya watu wote, na wapenzi wanabusiana kando ya bwawa la kuogelea la mtu. Vernon alikuwa ameurekodi ukweli huo mara nane, kwa sauti safi, bila mbwa wala helikopta. Nyumbani alirudi na mashine yake ya kurekodi, akapika tambi, akala peke yake.

Kuna sheria moja katika kazi hiyo, na mzee aliyemfundisha Vernon aliitia masikioni mwake kabla ya kumfundisha jambo lingine lolote. Mwigizaji akishafungwa maiki ndogo chini ya shati, huisahau. Ataingia nayo chooni. Atagombana na mama yake kwenye simu, atamsengenya mwongozaji, atalia. Yote hayo huingia masikioni mwa mtu wa sauti, na mtu wa sauti hasemi alichosikia. Akisema mara moja tu, hapati kazi tena, wala hastahili. Kwa hiyo sauti ya faragha ikianza, unapunguza, unafungua gazeti. Vernon alikuwa amesoma magazeti mengi sana.

Mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu kuliko wote alikuwa Ruben Escobedo, fundi wa mavazi, mwenyeji wa mji wa mbali wa Las Cruces, miaka arobaini na saba, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Ndivyo kazi ilivyotaka. Maiki ikikwaruzana na kitambaa, sauti huharibika, kwa hiyo Ruben alishona vimfuko vidogo vya pamba ndani ya kila shati, na Vernon akasikiliza.

"Hariri inapiga kelele," Vernon angesema.

"Hariri haipigi kelele, mzee wa masikio. Wewe ndiye unayesikia mpaka dhambi za watu."

Kisha Ruben angefumua, ashone upya. Filamu sita walifanya hivyo. Saa nne asubuhi alimletea Vernon burito, chapati iliyokunjwa, ya mayai na pilipili za kijani bila vitunguu, ingawa Vernon hakuwahi kumwambia kwamba vitunguu vinamsumbua. Vernon alimpenda. Sioni haja ya kulizungusha. Alimpenda tangu burito ya pili, na kila alipotaka kufungua mdomo alikumbuka kwamba lazima aanze kwa kueleza miaka yote aliyonyamaza.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya filamu ya tisa, Ruben alikuwa katika chumba cha kufulia akimvalisha Corbin, kijana mrefu aliyeigiza fundi bomba. Maiki ilikuwa imeshafungwa, na Vernon sebuleni alikuwa akipima sauti.

"Jumamosi tukimaliza nakwenda zangu Las Cruces," sauti ya Ruben ilisema. "Dada yangu ana duka la mapazia. Usimwambie mtu, sitaki sherehe."

"Unaacha filamu? Kwa nini?"

"Nyoosha mkono. Kwa sababu ni miaka sita nampenda mtu asiyeweza kunipenda. Si kosa lake, ndivyo alivyo. Lakini mimi nazeeka, mwanangu, na siwezi kuendelea kumshonea vimfuko kana kwamba ni barua."

"Vernon?" Corbin akasema. "Ruben, Vernon alikuwa na mke."

"Ndiyo maana nakwenda. Simama wima."

Vernon alipaswa kupunguza sauti pale alipotajwa dada. Hakupunguza. Alikaa na hedifoni zake, gazeti limefungwa magotini, akasikiliza mpaka mwisho, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na mitatu ya kazi. Furaha ilimjaa, kisha akaona aibu, kisha akahesabu siku. Zilibaki nne.

Jumatano asubuhi alimfuata Noreen penye meza ya kahawa. Aliona aanze na huyo aliyelianzisha.

"Noreen, mimi ni shoga."

Noreen alikuwa na donati mdomoni. Aliitoa, akaiweka chini, akamkumbatia. "Vernon, umenigusa. Laiti kila mwanamume asiye shoga angekuwa na moyo huo."

"Sisemi ili kuwaunga mkono. Nakwambia tu ukweli."

"Naelewa, baba. Leo sote ni mashoga."

"Noreen, nisikilize."

"Nimekusikiliza, na nitalia, na sina muda wa kulia. Tunapiga picha ya bafuni sasa hivi."

Kufika saa sita habari ilikuwa imezunguka nyumba nzima. Vijana wa taa wakamwita dada Vernon. Mmoja akamchumia ua la mwenye nyumba akamtia sikioni, juu ya hedifoni. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomkera. Mtu ametoa siri ya maisha yake na watu wanamshukuru kwa ukarimu.

Ruben hakucheka. Alimjia akijifanya anatafuta pini.

"Najua hukuwa na nia mbaya," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini jambo hilo usilifanyie mzaha, Vernon. Mimi baba yangu alinitupia nguo zangu uani kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Ruben, mimi sikuwa na..."

"Kimya!" Noreen alipaza sauti. "Kamera!"

Ruben akaondoka akinyata, na Vernon akainua fimbo ya maiki juu ya vichwa vya watu, kama alivyoinua mwaka 1996.

Alhamisi na Ijumaa hazikumsaidia. Alitunga maneno garini, akayapoteza mlangoni. Angeweza kusema: nilikusikia Jumanne. Hilo lingemaliza kila kitu kwa sentensi moja. Lakini maneno yale yalikuwa mali ya Ruben, na Vernon aliyapata kwa wizi. Mwenye haki ya kuyatoa ni mwenyewe. Vernon alichokuwa na haki nacho ni upande wake tu, na upande wake hakuna aliyekuwa tayari kuuamini. Mficha uchi hazai, wamesema, ila hawakusema afanyeje aliyejifunua na watu wakadhani ni vazi.

Jumamosi, saa kumi jioni, picha ya mwisho ilipigwa jikoni. Noreen akapiga makofi, watu wakaanza kukumbatiana. Ruben alisimama mlangoni, mashati yote ya filamu yakiwa mkononi. Gari lake lilikuwa nje, limeshapakiwa.

"Bado," Vernon alisema. "Kimya cha chumba."

Watu walilalamika, lakini walisimama pale pale walipokuwa. Kila chumba kina kimya chake, cha friji, cha mabomba, cha barabara ya mbali. Bila dakika moja ya kimya hicho, mhariri hana cha kuziba nafasi kati ya maneno. Hakuna anayesogea wala kukohoa mpaka mtu wa sauti aseme kata. Vernon, mpole kwa mengine yote, katika jambo hili alikuwa mkali. Mwaka 1999 alimtoa nje mama mzazi wa Noreen kwa sababu ya karatasi ya pipi.

"Jikoni, kimya cha chumba," alisema. "Naanza."

Watu kumi na watano wakawa sanamu. Corbin alishika kijiko hewani. Vernon alisikiliza friji kwa sekunde kumi, halafu akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona. Alivua hedifoni katikati ya kimya chake mwenyewe, akasema.

"Mimi ni shoga. Sisemi ili kumuunga mkono mtu, wala sifanyi mzaha. Marlene alijua, ndiyo maana tuliachana. Noreen aliposema mimi si shoga nilinyamaza kwa sababu kamera ilikuwa inangoja, baadaye nikanyamaza kwa sababu ya aibu. Mmeniambia mambo yenu mengi kwa miaka minane nami nimejificha. Nawaomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Noreen aliziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka. Kila mtu alijua kwamba Vernon Pruitt angeweza kutania juu ya jambo lolote duniani isipokuwa kimya cha chumba. Na kwa kuwa alikuwa hajasema kata, hakuna aliyethubutu kumjibu.

"Ruben, nakupenda," alisema. "Tangu zamani. Sihitaji jibu, na huwezi kunijibu kwa sasa, nashukuru. Lakini ukienda Las Cruces, nenda ukijua."

Akavaa hedifoni. Akatazama saa mpaka sekunde zilipotimia sitini, kwa sababu dakika ni dakika.

"Kata."

Wa kwanza kusema alikuwa Ruben.

"Las Cruces nilimwambia Corbin peke yake."

Vernon alikuwa amelitamka jina hilo bila kujua.

"Jumanne," Ruben akasema polepole. "Kule kwenye mashine ya kufulia. Alikuwa na maiki."

"Alikuwa nayo."

"Ulinisikia."

"Mtu wa sauti hasemi alichosikia," Vernon alisema.

Ruben akavaa miwani yake, akamtazama vizuri.

"Siku nne," alisema. "Siku nne unakula burito zangu na unajua."

"Sikujua niseme nini."

"Miaka sita, mjinga wewe, umerekodi watu wakiusema ukweli wao."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Noreen alikuwa analia waziwazi. Alijifuta kwa kitambaa cha vyombo. "Vernon, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuvisha mke. Lakini umeniharibia kimya changu."

"Tutarudia," Vernon alisema.

Ruben alitua mashati juu ya kiti, akavuka jiko, akasimama kando ya mashine ya kurekodi, bega kwa bega na mwenye mashine. Siku nyingine yoyote Vernon angemrudisha mlangoni, maana miili ikihama kimya cha chumba hubadilika. Hakumrudisha. Akasema naanza, na watu wote wakasimama tuli dakika nzima.

Baadaye alijaza karatasi ya ripoti, kama anavyofanya kila siku ya kazi, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Mhariri aliyeipokea Jumatatu aliisoma mara mbili, kisha akampigia simu Noreen kuuliza kulikoni. Ilikuwa imeandikwa hivi:

Jikoni, kimya, mara ya kwanza: haifai. Mtu wa sauti ameongea.

Jikoni, kimya, mara ya pili: inafaa. Kuna mtu anapumua karibu na maiki. Aachwe.