Sambusa na Jina la Mama

Nakumbuka Ramadhani moja hapa Buyenzi, mwanangu, nilipokuwa bado msichana. Kaka zangu wawili walikuwa wameoa karibu pamoja, na kwetu mke mgeni huipikia nyumba nzima futari.

Alianza Furaha wa Uvira, aliyesilimu juzi tu. Sambusa zake zilifumuka kwenye mafuta, nyama ikaelea. Hata hivyo tulimshangilia: "Mashallah! Kumbe Mukongomani anajua sambusa!"

Kesho yake akapika Sada, ambaye sambusa za mama yake zilisifika mtaa mzima. Haikufumuka hata moja. Tulitafuna, kisha nikasema, "Si mbaya. Lakini za mama yake ni tamu zaidi."

Sada alisikia. Nilimkuta jikoni akifunga nguo zake ndani ya kitenge.

"Narudi kwetu, wifi. Hapa munanipima na mama."

Bibi yangu Zuhura hakupiga kelele. Aliniita kando.

"Zuwena, we umekula sambusa ao umekula jina la mama yake?"

"Lakini bibi, za Furaha tulisifu!"

"Mulisifu sababu mulingojea aunguze. Sada mulimungojea kama malaika. Hamukulinganisha sambusa na sambusa. Kila mumoja mulimupima na mawazo yenu."

Kisha akamwendea Sada. "Mwanangu, ngoja futari ya kesho tu. Ukikataa bado kubaki, mi mwenyewe nitakusindikiza kwenu."

Siku iliyofuata aliwaweka wote wawili jikoni. Furaha alitengeneza nyama, Sada akakunja, na sambusa zote zikaja kwenye sinia moja. Kaka yangu mkubwa akainua moja, akaigeuzageuza. "Hii ya nani?"

"Ya njaa yako," bibi akasema. "Kula!"

Tulicheka mpaka Sada naye akacheka. Usiku ule kitenge kilifunguliwa. Hadi leo namstaajabia bibi: hakumwaibisha mtu, na sinia moja ilitufunga midomo.

Mwanangu, utalinganisha watu maisha yako yote: mkwe na mkwe, fundi na fundi, mtoto wako na wa jirani. Kabla ya kusema huyu kamzidi yule, jiulize kila mmoja ulimtarajia nini. Ukitarajia makubwa mno, kizuri utakiona kidogo. Ukitarajia madogo, hata kilichofumuka utakiita ajabu. Onja kwanza.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usio na haraka, na akukutanishe na watu watakaokupokea ulivyo, wasikuulize mama yako alipikaje. Amina.