Gari la Kaka Kutoka Nchi ya Theluji

Mimi sina subira na gari lililotengenezwa ovyo. Nikilikuta, namtukana aliyelitengeneza, kimoyomoyo au kwa sauti, maana katika garaji yetu ya Smithfield, hapa Sydney, hakuna anayejua Kiswahili. Bosi wangu ni mzee wa Kiashuri kutoka Iraki, naye hutukana kwa lugha yake, na tumefanya kazi hivyo miaka mingi kwa amani kabisa. Yeye ni wa injini. Mimi ni wa bodi: kunyoosha, kukata kutu, kuchomelea, kupiga msasa. Kazi hii alinifundisha baba yangu kule Uvira. Wanawake wenzangu kanisani, ambao wengi wanahudumia wazee au wanapakia maboksi kwenye maghala ya Wetherill Park, bado wananiuliza kama mume wangu aliniruhusu. Nawaambia aliogopa kukataa.

Siku gari lile liliposhushwa kwenye lori, nilicheka. Jeupe, pana kama kitanda cha maharusi, pua ndefu ya magari ya miaka ya sabini yaliyopenda kukimbia. Lilikuwa limekaa kwenye banda la shamba huko bara mpaka panya wenyewe wamelichoka. Na mbele, katikati ya meno ya grili, ulichomoza waya wenye plagi. Plagi hasa, ya ukutani, kama ya pasi!

"Mjinga gani huyu?" nikasema. "Alitaka kupiga nguo pasi barabarani?"

Nikachukua koleo niukate. Mwenye gari akaniwahi. Alikuwa bibi mfupi mwenye kofia ya sufu, aliyekuja kwa teksi nyuma ya lori. Alinikemea kwa Kiingereza, hasira ikampanda, akamalizia kwa Kifaransa. Nikamjibu kwa Kifaransa. Tukatazamana, tukaangua kicheko. Kifaransa chake ni cha Kanada, cha puani, kinameza nusu ya maneno. Changu ni cha masista wa shule ya msingi, kila neno limepigwa pasi. Tangu hapo tukiongea sisi wawili, bosi anabaki kukodoa macho tu.

"Kwetu," aliniambia, "usiku wa baridi kali injini ikiachwa hivi hivi, asubuhi haiwaki. Oili inaganda. Kwa hiyo jioni unatoka nje, unachomeka gari kwenye umeme, ndipo unakwenda kulala."

Jamani! Gari linalopashwa joto usiku kucha, kama vifaranga chini ya taa! Mimi mtoto wa Ziwa Tanganyika nilikuwa sijui kwamba duniani kuna baridi ya kulaza chuma. Nilirudisha koleo mahali pake kwa adabu. Jioni nikamsimulia binti yangu, akanijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba hata magari ya siku hizi yanachomekwa, Mama. Watoto wa hapa huwezi kuwashangaza kwa kitu.

Bibi alikuwa na swali moja tu: je, hili ndilo gari la kaka yake? Walizaliwa wawili. Kaka alimpita kwa miaka mingi, alifanya kazi mgodini, akanunua gari lenye nguvu kuliko yote mtaani kwao, akafa kijana kwa ajali huko huko chini ya ardhi. Baba yao hakuweza kulitazama lile gari uani. Akaliuza. Bibi akakua, akaolewa, mume akamleta Sydney, mume naye akafa, watoto hawakujaliwa. Halafu jirani akamwonyesha kwenye simu picha ya gari linalouzwa, naye akahisi moyo umegonga. Akalinunua bila hata kuligusa.

Bosi akaanza kulichunguza. Jambo hilo analipenda kuliko chakula. Akanieleza kwamba zamani zile kulikuwa na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Kanada peke yake. Ukiyaona utasema ni ya Marekani, lakini ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali: nembo nyingine, vioo vingine, na mara nyingine injini kubwa ambayo Wamarekani hawakuwekewa kwenye bodi ile. Yamebaki machache sana, kwa sababu huko humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ikayala yote kuanzia chini. Nilipolala chali chini ya gari nikaona. Nimeona kutu maishani mwangu, lakini ile ilikuwa imekwenda mpaka sehemu nyingine unapitisha kidole upande wa pili. Chumvi ya nchi nyingine, ya kabla sijazaliwa, ikanidondokea usoni pamoja na vumbi lake.

Saa ya mwendo ilikuwa ya kilomita, si ya maili kama ya Wamarekani. Kwenye kikinga jua cha dereva kulikuwa na onyo la kufunga mkanda, kwa Kiingereza juu na kwa Kifaransa chini. Mimi ndiye niliyelisoma, na bosi akabusu ncha za vidole vyake. Kwenye injini akakuta alama alizokuwa anazitafuta, akaniita nije nione, akaniita tena kana kwamba sikuja mara ya kwanza. Tulipopiga msasa, chini ya nyeupe tukakuta nyekundu, chini ya nyekundu rangi ya chungwa bivu. Gari la kaka lilikuwa la rangi hiyo. Lakini bosi alisema miaka ile nusu ya vijana walitaka rangi hiyo.

Kilichobaki ni namba ya bodi, na namba haikuwepo. Aliyelihamishia usukani kutoka kushoto kwenda kulia, ili liende kwa barabara za hapa, alikata ukuta wa kati ya injini na dereva, namba ikaenda na chakavu. Fundi huyo nilimtukana siku mbili.

Jumatano, siku yake ya kuja, bosi akamkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki na kumwambia ukweli. Gari ni la Kanada, hilo halina shaka. Ni adimu, watu watasafiri kuja kuliona. Lakini lilikuwa la nani, hakuna tena wa kusema.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akanigeukia kwa Kifaransa. "Sikutafuta gari adimu. Nilimtafuta kaka yangu. Kama si lake, nimejinunulia mzigo wa chuma. Mwambie aliuze."

Niliona uchungu, nasema kweli. Nikamwomba aniachie mpaka Jumatano ijayo, na kwa nini niliomba hivyo sijui, maana sikuwa na la kufanya zaidi ya kazi yangu. Nikaendelea kuifanya. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikatoa mbao za pembeni za buti, nikafika nyuma ya madigadi, pale bodi mbili zinapokaribiana mpaka mkono wa mtu mzima hauingii. Nikamulika tochi.

Ndani ya upenyo ule mtu alikuwa ameziba kwa lami, lami ya kuzibia paa la nyumba, ili maji ya theluji yasipite. Si kazi ya kiwandani. Na hakutumia brashi. Ile lami ilisukumwa kwa vidole, ikakauka na mifereji ya vidole hivyo, minne, myembamba. Myembamba mno. Nikajaribu kuingiza vidole vyangu, vikakwama kwenye kiungo cha pili.

Mtoto! Hasira zikanipanda papo hapo. Nani huyo anayemtia mtoto mkono kwenye lami, kwenye baridi ya namna ile? Nikaangalia tena. Mifereji mitatu ilikwenda pamoja, sawasawa. Wa nne, wa kidole cha mwisho, uliachana na wenzake ukaelekea nje, na ilikuwa hivyo kila mahali mkono ule ulipopita. Nikakumbuka kwamba kaka alipokuwa na gari lake, bibi alikuwa bado mtoto. Sikumwita bosi. Nilimpigia bibi simu nikamwambia aje, sikumwambia kwa nini, nikaogopa kumtia tumaini la bure.

Alifika wakati wa smoko, chai yetu ya saa nne. Nikamwinamisha kwenye buti taratibu, nikashika tochi. Alitazama muda mrefu. Halafu akavua glavu ya mkono wa kulia. Vidole vyake vyote vimepindishwa na ugonjwa wa viungo, ndiyo maana sikuwahi kukiona kile kidogo, kimekaa mbali na wenzake kama kimenuniwa.

"Nilianguka kwenye barafu," akasema. "Kikaungwa vibaya." Akajaribu kuingiza mkono. Haukuingia hata kidogo. "Ingiza wewe, binti yangu. Niambie."

Nikaingiza nilipoweza kufika, nikamweleza mfereji mmoja mmoja. Akafumba macho.

"Kaka alisema yeye mkono wake ni mkubwa. Alinivalisha koti lake. Alikuwa ananiimbia nisisikie baridi. Nilikuwa nimesahau, nimesahau kabisa!" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, ameegemea ubavu wa gari, na bosi akasimama na kikombe chake mlangoni bila kuelewa hata neno, machozi yakimtoka naye.

"Walionijua nikiwa mtoto wote wamekufa," akaniambia alipotulia. "Nilikuwa peke yangu kujishuhudia. Nikaanza kufikiri labda nilijitungia tu."

Nikamwambia sasa nipo mimi wa kumshuhudia. Nimeona mkono wake.

Akanishika mkono wangu mchafu, akautazama kama alivyoitazama ile lami. "Na wewe?" akauliza. "Ulikuwa mtoto wa namna gani?"

Katika nchi hii nimetaja tarehe yangu ya kuzaliwa mbele ya kila meza ya ofisi. Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Baba hayupo, ndugu zangu hawapo, binti yangu anaamini nilizaliwa mama mzima. Nikavuta ndoo, nikakaa karibu na kiti chake.

"Mtundu," nikasema. "Nilikuwa mtundu sana, Mama. Kila mtu alilalamika."

"Wakisema nini?" akauliza, na akasubiri.